Aya ya Nne

Maabara yetu, Al-Khoudh, ina baridi ya kuhifadhia nyama.
Nje nyuzi arubaini na sita,
ndani Muzna kavaa sweta juu ya buibui
na mashine ya kupimia chumvi inanguruma
kama paka aliyeshiba.
Ubavuni pana bamba la shaba: jina la kampuni,
na nembo ya tone jeusi lenye jani ndani yake.
Jani! Siku ya kwanza tulicheka.
Siku ya pili tulilizoea.

Tulipima visima vya Batina, mia na kumi na viwili,
kutoka Barka mpaka Saham.
Wakulima walitupa ndimu zilizokaukia mtini,
wakasema: andikeni.
Tukaandika. Bahari inaingia chini kwa chini,
maji matamu yanarudi nyuma,
na aya ya nne ikasema kwa nini,
ikataja moshi, ikataja mafuta,
bila kupaza sauti,
kama mtu anayetajiwa ukoo wake akaitika.

Ripoti ikarudi.
Baada ya aya ya tatu ikafuata ya tano.
Hata namba hawakuona haja ya kuzipanga upya.

Daktari Ghalib akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.
"Mkono mtupu haulambwi," akasema,
"na mashine hii mnayoipenda haikununuliwa kwa dua."

Ndipo tukaandika barua. Hatukuandamana;
hapa hata kivuli huomba ruhusa.
Ukurasa mmoja: tunaomba mtafitiwa
asiwe ndiye mlipaji wa mtafiti.
Sahihi kumi na moja.
Usiku Azzan akapiga simu, tumfute,
kaka yake anatafuta kazi huko huko.
Tukamfuta. Hatukumsema.
Kumi.

Baba yangu yuko Fahud,
wiki mbili jangwani, wiki mbili nyumbani,
fundi wa vali mwaka wa ishirini na tatu.
Ada yangu imetoka kwenye viganja vile,
na viatu hivi, na wino wa barua.
Nilimwambia kwa Kiswahili,
lugha tunayoiweka kwa mambo ya ndani,
pamoja na mapishi na misiba.
Akanyamaza. Nikasikia upepo wa huko ukikwaruza bati.
"Mfadhili mbuzi..." akaanza,
asimalize. Hakukuwa na haja.
Mbuzi utamla mchuzi,
binadamu ana maudhi.

Haya, baba, mimi ndiye maudhi.
Lakini hebu niambie:
mfadhili akishachukua mchuzi,
akachukua na ngozi,
akarudi kuutaka na ulimi,
mbuzi abaki na nini cha kulilia?

Sikumwambia hivyo. Nilisema: umekula?
Akasema: nimekula.

Ofisi ya mkuu imejibu kwa mstari mmoja:
barua imepokelewa.
Bamba linang'aa. Mashine inanguruma.
Muzna ameleta sampuli za kisima kipya
na hakuna aliyejua kama tupime au tugome.
Tulipima. Chumvi imepanda.

Saa sita usiku simu ikatikisika mezani.
Baba: *Nitumie hiyo aya.*
Imeandikwa Kiingereza, na Kiingereza chake
ni cha vali na tahadhari.
Nikavaa sweta la Muzna, nikaanza kuigeuza,
neno kwa neno, nikafuta, nikarudia.
Nilikwama mara nyingi.
Kwenye "moshi" sikukwama.