Kifaa cha Bi Oldroyd

Sheffield, mtaa wa Walkley, mlima unaokula magoti.
Bi Maureen Oldroyd amegonga ukuta: njoo usikie!
Nikaenda na ndara zangu kwenye mvua.
Sikioni ana kifaa kipya, kidogo kuliko harage,
na anacheka, maana birika linapiga mluzi,
mluzi ambao hajausikia tangu Clive afariki.

Hajui kwamba mle ndani nimo mimi.
Mistari mia nne na kumi na miwili,
kichujio cha makelele nilichokiandika usiku,
kwa mkono mmoja, mtoto akiwa na surua,
nikakiweka hadharani na maneno haya juu yake:

    Chukua msimbo huu, utumie utakavyo,
    Jina langu, ombi kuu, liache vivyo lilivyo.

Kampuni ikachukua. Jina langu limo,
ukurasa wa themanini na saba wa kijitabu cha maelekezo,
herufi za ukubwa wa chawa.
Kuna kitu wamekirekebisha, nasikia: mlango ukibamizwa haupasui tena sikio.
Marekebisho hayo wameyafungia kabatini.

Tadeusz, tunayekaa meza moja kazini, hana subira nami.
"Umewapa unga, sasa wanakuuzia andazi."
Leseni yake yeye ina meno. Ningeitafsiri hivi:

    Ukiutia kiraka, na kiraka ukigawe,
    Kilichojaa baraka, kisije kikawa jiwe.

Nakubali, nusu. Kisha namkumbuka
yule mwanasheria kutoka Leeds, alivyoisoma
akafunga kompyuta polepole, kama anayefunika maiti.
Programu ya Tadeusz ni safi. Haimo sikioni mwa mtu.

Tenda wema nenda zako, tuliambiwa.
Hatukuambiwa la kufanya wema ukirudi
umevaa suti, umekazwa kwa bisibisi isiyouzwa dukani.

Jumanne kifaa kikaanza kukoroma.
Bi Oldroyd akaja nacho kwenye sahani ya biskuti:
"Si ndiwe fundi kompyuta?"
Nikakigeuza. Hakina tundu, hakina mlango.
Kosa ningelijua kwa kunusa,
ningelitoa kabla chai haijapoa.
"Kirudishe," nikamwambia. "Wiki tatu watakuletea kingine."
"Nini?"
Nikarudia, kwa kupaza sauti.

Usiku nimefungua faili jipya.
Pale pa leseni nimeacha wazi; kishale kinapepesa.
Nyuma ya ukuta birika linapiga mluzi,
linapiga, linapiga,
na hakuna anayeliepua.