Mende Chali

Ibra, saa kumi na moja kasorobo, alfajiri,
na ukuta tayari una joto la mkate.
Ghala hili babu yako alihifadhi tende;
sakafu bado inanata pembeni,
na vyuma nilivyokopa Ruwi, deni halijaisha,
nimevipanga palipokaa magunia.

Unataka kunyanyua kilo themanini, Shinuna.
Umeona kwenye simu msichana wa mbali
anachomoa chuma kwa mgongo uliopinda kama ndoana
na watu wanampigia makofi.
Lala chini.
Lala chali, miguu juu, mikono juu,
kama mende aliyepuliziwa dawa.
Sasa shusha mguu wa kulia na mkono wa kushoto,
taratibu, kisigino kiguse mkeka
bila mkeka kujua.
Kiuno kisibanduke. Nimepenyeza risiti ya maji
chini ya mgongo wako:
nikiweza kuivuta, umeshindwa.

Naivuta. Inatoka.
Tunaanza tena.

Mama yako alikuja Jumanne na birika la kahawa,
akasimama mlangoni muda mrefu.
"Ghania, nakulipa riali kumi na tano
mwanangu aje kulala?"
Nikamwambia: nipe wiki sita.
Akanimiminia kikombe cha kwanza.
Cha pili hakumimina.

Sikia. Mkuki hautupwi na mkono.
Mkono ni tarishi, anapeleka barua asiyoiandika.
Nguvu inaanzia kwenye udongo,
inapanda kisigino, paja, nyonga,
na pale katikati, baina ya mbavu na fupanyonga,
pana mfereji. Unaujua falaji wa nyuma ya msikiti:
chemchemi na ifurike itakavyo,
kingo zikipasuka njiani
shamba la mwisho linapata tope.
Wewe una miguu ya punda, bega la mhunzi,
na kiuno kinachovuja.

Mimi nilivuja kwa kishindo.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, narusha tufe,
nikaongeza sahani mbili siku ya hasira
(hasira ya nani, sasa sikumbuki),
nikapinda, nikavuta, nikasikia chini ya mgongo
kama uzi wa kanzu unapokatwa kwa meno.
Siku arobaini na tatu nilihesabu mapanga ya feni.
Yalikuwa matatu. Niliyahesabu kila siku.

Wiki ya nne nakupa mpira wa kilo tatu.
Upige ukutani kwa nyonga, mkono ufuate.
Mara tano tu, kwa nguvu zote, kisha kaa.
Kaa, nimesema. Dakika mbili ni zamu ya mwili
kama zamu ya maji; usimwibie jirani.
Mpira ukianza kuchelewa kurudi, tumemaliza,
hata kama moyo unadai zaidi.
Sanduku nalo: kuruka kila mtu anaruka.
Nataka kusikia unavyotua.
Tua kama kuna mtoto amelala chumba cha pili
na umembembeleza usiku kucha.

Siku moja, sikukwambia, nilivuta risiti
na risiti ikakatika.
Nusu mkononi mwangu, nusu chini yako.
"Imekwama," ukasema, huku mbavu zikipanuka na kurudi,
nami nikageuka kutafuta kitambaa
nifute vyuma visivyo na vumbi.

Nizwa, mkuki wako wa tatu ulipita bendera zote
ukaangukia nje ya mstari.
Haukuhesabiwa.
Ulilia ndani ya basi mpaka Izki.
Mama yako hakuuliza mita ngapi;
alikumenyea chungwa, akakuwekea kiganjani.

Kesho yake nilikutazama hapa mlangoni
ukiinama kufunga kamba za viatu,
nyonga zikirudi nyuma, mgongo bapa
kama ubao wa kusukumia chapati,
ukainuka, na hukushika ukuta.

Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

"Leo chuma?" ukauliza.
Kilo ishirini, nikasema.
Lala chini kwanza.