Kombo Yuko Mlangoni

Mafunzo yalikuwa Jumamosi mbili, chai na biskuti,
chumba cha nyuma cha kanisa moja la Dundee.
Moira, mwenye kutupangia familia, alisema:
Msiende kutengeneza. Nendeni mkakae.
Nikaandika daftarini: kukaa. Nikapiga mstari chini yake,
mimi ambaye miaka thelathini ya uuguzi
sikuwahi kuketi.

Alhamisi ya kwanza ngazi zilinuka mkojo wa paka.
Shona alifungua mlango upana wa kiganja.
Nyuma yake mtoto mchanga akilia kwa sauti
ya aliyekwisha kukata tamaa ya kusikika,
na mita ya umeme, ile ya kulipia kabla,
ikipiga pii, pii, pii.

Nilikaa.
Kwenye kochi palikuwa na soksi tisa, wala moja haina mwenzake.
Mikono ikaniwasha. Nikazitafutia wenzake chini ya mito,
kwa siri, kama mwizi anayerudisha mali.
Hakuniuliza nimetoka wapi.
Sikumuuliza mwenye koti lile la kazi, pale msumarini, kaenda wapi.
Tukawa sare.

Finlay, miaka minne, alikuwa chini ya meza.
Alikaa huko Alhamisi tatu.
Nilizijua buti zake za mvua kabla sijaujua uso:
ya kushoto mguu wa kulia, ya kulia mguu wa kushoto.
Ya nne, mkono ulitoka, ukataka biskuti.
Ya sita, akataka jina.
Mwanakombo, nikasema.
Refu mno. Akalikata kichwa, akabaki na mkia:
Kombo.

Basi kila nikibisha, mbio sakafuni, na kelele:
Mama! Kombo yuko mlangoni!
Nami ngazini, peke yangu mwenye kuielewa lugha,
nacheka hadi naishikilia reli.
Mambo yakienda kombo, nani huyakimbilia
akayafungulia mlango?

Sijasema kweli yote.
Ziko Alhamisi nilizolaani basi, na upepo wa mto Tay
unaokata masikio, na magoti yangu.
Iko moja Shona alirusha kikombe. Si kwangu, ukutani.
Akasema: Wewe unatenda wema wako, halafu unakwenda zako.
Chai iliteremka ukutani taratibu.
Bibi yangu alinilea kwa maneno hayo hayo:
tenda wema, wende zako.
Sikujua kwamba ukiisikia kutoka upande wa ndani wa mlango
methali ile ni tusi.
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nikachukua kitambaa; akaninyang'anya, akafuta mwenyewe.
Wiki iliyofuata mlango ulifunguka wote.

Januari, saa tisa na nusu alasiri, giza tayari.
Mtoto alilala kifuani pangu,
Shona akalala kitini, mdomo wazi, mkono umening'inia,
na Finlay akalala juu ya miguu yangu kama paka.
Mkojo ulinibana. Sikuthubutu kutikisika.
Ukiniuliza mwaka ule nilifanya nini hasa, nitakwambia:
nilibana mkojo saa mbili, watu wakalala.

Mei, Moira aliniandikia: faili limefungwa, ahsante.
Nikakunja barua, nikaiweka pamoja na bili za maji.

Juni nilimwona, mtaa wa maduka, Lochee.
Yeye na wanawake wawili, wakila chipsi mfuko mmoja,
wakicheka kitu ambacho sitakijua.
Koti la kazi la mwanamume alilivaa yeye, mikono imekunjwa.
Finlay mbele, anaruka vidimbwi:
kulia kulia, kushoto kushoto.
Mdomo wangu ulikwisha funguka kuita.
Nikaufunga, nikaenda zangu,

yaani nilijaribu. Basi lilichelewa.
Nilisimama pale pale dakika kumi na moja,
nimegeukia ukuta, nasoma tangazo la zulia
mara ya tatu, mara ya nne.