Maji ya Moto

Nilikwenda Guangzhou kununua mabomba na mapazia
ya vyumba vyangu vinne vya Langoni,
nikalala siku saba ghorofa ya ishirini na tatu.
Hesabu yenyewe si ya kweli:
kwenye lifti, baada ya tatu inakuja tano,
na kumi na nne nayo haikuzaliwa.
Nne, aliniambia Athiya, kwao inafanana na neno la kifo.
Basi nililala ya ishirini na moja, nikalipia ishirini na tatu.

Mlango hauna ufunguo, una kadi.
Kadi ukiichomoa ukutani, taa zote zinakufa.
Usiku wa kwanza niliichomoa ili isiibiwe,
nikakaa kitandani na tochi ya simu,
mwanamke mzima, mwenye nyumba ya wageni,
nikijiuliza nimemkosea nani.

Bafu lilikuwa la kioo kitupu.
Nikalitundikia leso, ile ya *Mgeni njoo*.
Mshale wa kibla niliutafuta darini, haupo;
simu ikaniambia magharibi, kando ya friji.
Wiki nzima nimeswali nikielekea friji.
Taulo zililetwa na kidude chenye magurudumu,
kikapiga mlio mlangoni, kikangoja.
Nilikiambia ahsante. Tena nikakikaribisha ndani.

Asubuhi, uji mweupe usio chumvi wala sukari,
ndani ya bakuli la maua ya buluu.
Nikamaliza, nikaligeuza chini juu, nikatazama kitako,
kwa sababu la bibi yangu, lile la kwenye kidaka,
lina ufa na alama hiyo hiyo,
au nilitaka iwe hiyo hiyo.
Mhudumu alidhani natafuta uchafu.
Akaniletea jingine.

Nikaomba maji baridi. Joto la mwezi wa saba,
nguo imenishika mgongoni.
Binti wa mapokezi akanisogezea simu yake,
nikaisemesha Kiswahili, ikatoa sijui nini,
maana alinitazama kwa huruma
akaniletea chupa ya maji ya moto.
Kila siku. Baridi naomba, moto naletewa.
Siku ya tano nikayanywa.
Siku ya sita nikayangojea.

Mwezi wa pili tangu nirudi, alipanda ngazi zangu
mgeni kutoka Chengdu, peke yake, jina lake Liang,
visigino vimechubuliwa na viatu vipya.
Akaliangalia komeo la mlango
kama nilivyoiangalia mimi ile kadi.
Akagonga kichwa kwenye boriti.
Punda akalia chini ya dirisha,
akatoka mbio, kwa ishara akiuliza nani anachinjwa.

Mwanangu Shekuwe alimpelekea maji ya ukwaju yenye barafu.
Yakarudi yalivyokwenda, barafu imeyeyuka.
"Mgeni huyu ana maringo," akasema.
Nikamwambia nyamaza, teleka birika.
Nikajaza chupa ya chai, ile nyekundu
niliyorudi nayo katikati ya furushi la mapazia,
nikaiweka mlangoni pake, nikagonga mara moja,
nikashuka upesi, kama kile kidude.
Nikiwa kwenye ngazi nilisikia kizibo kinafunguka,
halafu kimya cha mtu anayepuliza.

Ameondoka Alhamisi.
Kwenye kitabu cha wageni ameacha mistari minne.
Mimi katika maandishi yao najua neno moja tu,
lile la mlango wa kioo niliouvuta na kuuvuta
mpaka bawabu akanionyesha kwa kiganja: sukuma.
Nimelitafuta humo kwa miwani. Halimo.

Shekuwe anataka tuyapige picha, simu itafsiri.
Nimemwambia asubiri.
Kwanza nianue shuka, mvua inakuja.