Hodi Tatu

Duka langu la Limbani, mashine na karatasi,
Kaingia Mize ndani, kijasho na wasiwasi:
"Majibu ya mtihani, wa Raya wangu, upesi!"
Kabla sijasema basi, dirisha likachomoza.

Lasema: "Umeshashinda, jokofu na pikipiki!"
Jengine juu lapanda, mkopo usio haki,
Naliua, lajipinda, lazaa pacha wa chuki,
Kifungio hakishiki, kinacheka na kucheza.

Kifungio cha ghiliba, kumbe nacho ni mtego,
Likafunguka la saba, la kung'olewa magego,
La nane lataka huba, lanikonyeza kidogo,
Mashine, moto wa gogo, feni yavuma, yawaza.

"Kwetu Kojani twabisha, hodi tatu mlangoni,
Kimya kikikurudisha, warudi zako njiani,
Hawa wajikaribisha, na viatu, hadi ndani!"
Kanena Mize kitini, kwa bahasha ajipoza.

Na bando nimelitia, asubuhi, buku zima,
Video zajichezea, zalidona ja mtama,
Mara ngoma yalilia, maalimu kasimama,
Na picha... sitaisema, haya ilinimaliza.

Ndipo Shaame, kijana wa kutengeneza simu,
Kanambia: "Wapigana, moja moja? Una hamu!
Weka kizuizi, bwana, bawabu mwenye nidhamu."
Hakutaka darahimu, kwa dakika kakikaza.

Kimya. Ukurasa wote, kama kanzu Ijumaa,
Na nembo ndogo ja kete, "arubaini" yang'aa,
Wenye zawadi na pete, nje sasa wanasinyaa,
Mize cheti akatwaa, namba akanieleza.

Nikabofya: tazameni! Hakuna lililotoka,
Mara ya pili, sioni hata alama kuwaka,
Kumbe majibu yakini, nayo dirisha hutaka,
Bawabu ameyateka, na wezi akayalaza.

Nikakuna kichwa changu, nikaita: "We, karibu!
Huyu mmoja ni wangu, mpishe, ewe bawabu,
Wengine wape marungu, hata waje kwa adabu."
Likafunguka, ajabu, polepole, lapendeza.

Sitasema alopata, Raya; hayo ni ya kwao.
Nilimwona akifuta, machozi kwa mtandio,
Ya furaha? Ya kujuta? Wenyewe ndio wajuo,
Nikajifanya kioo cha simu nakipanguza.

Tangu hapo waja wengi, kuomba bawabu huyo,
Bibi ushungi wa rangi, simu yamtesa moyo,
Wauliza: "Ni shilingi ngapi, raha kama hiyo?"
"Bure," nawambia, "ndiyo!" Hawaamini, wabeza.

Usiku kurudi kwangu, namkuta shemeji Faki,
Kakalia kiti changu, sahani bila samaki,
Asema: "Shemeji yangu, kuna bahati, sadiki..."
Natafuta, hapashiki: wapi pa kumbonyeza?