Pigo la Kumi na Sita

Osaka, usiku, mvua; Natsue yu kompyutani,
Ngoma aliyopakua ni picha tu kiooni,
Vitufe vinachanua, kumi na sita safuni;
Si kisanduku cha baba: hii pigo haikosi.

Chenyewe kilishatiwa rehani, tulipe kodi.
Kililia kama njiwa, umeme ukikaidi,
Kitufe kilishakuwa bubu, ukibisha hodi:
Mapigo kumi na tano, la mwisho ni kimya basi.

Kirungu cha uchakavu kakifikisha kikomo,
Vikaja vumbi, makovu, vyote vyenda kwa kipimo.
Aliutaka ubovu, ule uliokuwamo.
Kafuta pigo la mwisho; baba kaketi nasi.