Mfupa Haulali

Nimetoa chupa moja leo, Bugando, juu kilimani,
kwa ajili ya Holo, binti wa dada yangu,
aliyejifungua jana akamwaga damu
hadi midomo ikawa majivu.
Nikapewa soda na biskuti mbili.
"Itarudi," akasema Lugembe wa maabara,
"ila usibebe magunia wiki hii."

Mimi mchukuzi wa Mwaloni. Nisibebe nini, basi?

Nashuka kuelekea Kirumba, pamba mkononi,
najisikiliza.

Alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo:
figo mbili, makarani wa mizani.
Hazipimi wingi wa damu, zinapima hewa iliyomo.
Leo zimeona pengo, zikatuma neno
likayeyuka mle mle katika kilichobaki,
likafika nyonga, kidari, mbavu,
ndani kwenye uboho, ule tuliokuwa tukiufyonza utotoni
kwa kugonga mfupa wa ng'ombe juu ya jiwe
tukidhani ni mafuta tu.

Kumbe ni karakana.

Humo chembe huanza kubwa,
ina kiini chake, kama mtu na jina lake.
Hugawanyika, ikagawanyika tena, ikapungua,
huku ikijishindilia chuma:
chuma cha maini, cha mchicha,
cha dagaa wenye mchanga wa mwalo.
Ikishawiva
(hapa Lugembe aliacha kuchora)
hukitema kiini.
Hukitupa kabla haijavuka mlango,
ipate nafasi ya mzigo.

Nilimwambia arudie.

Haitazaa. Ikichanika haitajishona.
Itabeba hewa miezi minne, ikijikunja
kupita vichochoro vyembamba kuliko yenyewe,
kisha bandama itaivunja,
chuma kirudi karakanani.
Hakuna matanga.
Milioni mbili na zaidi kila sekunde, alisema.
Nimeshuka ngazi tatu: milioni sita.

Mama yangu Nkwimba alikuwa na sauti, wanasema,
na ngoma zilimngoja yeye ndipo zianze.
Mimi sikuwahi kuisikia.
Nilisikia pumzi yake tu, akipanda na ndoo
kutoka ziwani, watoto sita nyuma.
Sijui aliitupa mlango upi.

Upepo wa ziwa umenikuta kwenye kona ya soko,
unanuka dagaa wabichi. Nauvuta wote.
Kule juu, wodini, Holo anauvuta huo huo
kwa chembe zangu, zisizo na jina la mtu.

Nitamwomba mnyapara siku mbili.
Atakataa.
Mfupa umeshaanza kazi.